Meno Tuliyoyapanda Utange

Mgeni harudi juu mikono mitupu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa nilipoanza kuwaongoza watu chini ya maji, kabla hata ya ile ya kutozuia pumzi. Tajiri wangu, mwenye kituo cha kuzamia, aliitamka akiwa ameketi juu ya mtungi wa hewa, anakula muhogo wa kukaanga, bila kuinua macho. Mgeni amevaa suti ya mpira inayombana tumbo. Ameshuka pima tano ndani ya hori, mkono wa bahari ulioingia bara, ambayo maji yake hayamwonyeshi hata kiganja chake. Amekuja kutafuta jino la papa aliyekufa zamani sana, kabla hapajakuwa na mtu wa kumwita papa. Ukimpandisha bila jino hatasema bahari imemnyima. Atasema wewe ndiye uliyemnyima.

Kwa hiyo tulipanda meno. Ndilo neno tulilolitumia, kama mtu anayepanda kunde. Mimi nilitangulia kushuka, eti kutazama mkondo, na ndani ya mkono wa glavu nilikuwa na meno sita au saba. Niliyachomeka kwenye tope, moja hapa, jingine hatua tatu mbele, nusu limefukiwa na nusu liko nje. Kisha nilirudi juu nikaweka mkono kichwani, ishara ya kwamba chini ni salama, na wageni wakashuka. Nilimshika mgeni mkono, nikamsogeza karibu na jino, nikalipepea tope kwa kiganja taratibu, halafu nikageuza uso kutazama upande mwingine ili alione yeye kwanza. Huko kugeuza uso ndiko ufundi wenyewe. Mtu yeyote aweza kuficha kitu topeni. Kazi ni kujifanya hukukiona. Nimewasikia watu wazima, wenye wajukuu, wakipiga kelele ndani ya vipumulio vyao, sauti kama ya mbuzi aliyeingia ndani ya pipa.

Mengi ya meno hayo hayakuwa ya kwetu. Tajiri aliyaagiza kutoka ng'ambo, yakaja mfukoni kama maharagwe, yote ya rangi ya kahawia. Meno ya Utange ni meusi, yenye ubuluu kidogo ukiyageuza juani. Tofauti hiyo niliijua kwa sababu jino la kwanza kutoka hori ile nililitoa mimi, kwa vidole vyangu. Hapo ndipo panapoanzia uchungu wangu, na nataka niueleze kwa utaratibu nisije nikamsingizia mtu.

Nilizaliwa Bofu, upande wa Likoni. Mamangu alitoka bara ya Pwani, huko wanakolima mahindi wakiomba mvua, akaja mjini kufua nguo za watu. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala si umasikini peke yake ulionitoa. Nilikuwa siwezi kukaa. Mwalimu alitufundisha kwamba samaki hupumua kwa matamvua, nami nikataka kumpasua samaki niyaone. Wakati wa mapumziko nilikwenda ufuoni kumtafuta samaki, na sikurudi tena. Tangu siku hiyo nimeziba magurudumu Changamwe, nimekwangua kutu kwenye meli, nimekata mawe ya kujengea katika machimbo ya Utange, nimezamia jongoo bahari pwani ya kusini pamoja na watu waliovaa mitungi bila kujua kusoma geji ya hewa. Hakuna kazi iliyonishika zaidi ya mwaka. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuniwasha.

Siku moja mamangu, akianika nguo na jirani, alinitania. "Jina lako," alisema, "limeandikwa mahali pawili tu duniani. Kadi ya kliniki na orodha ya watoro." Jirani alicheka mpaka akaangusha kibanio cha nguo. Mimi pia nilicheka. Lakini maneno hayo yalinikaa kifuani kama mwiba wa samaki, na kila nilipopita mahali penye majina, kwenye bamba la msikiti, kwenye jiwe la msingi la zahanati, nilisimama nikayasoma yote.

Nanga ndiyo iliyonipeleka horini. Mashua moja ya kutembeza watalii ilikuwa imepoteza nanga katika hori ya Mtwapa, upande wetu wa Utange, na nahodha wake, mzee wa Kidigo aliyenijua tangu enzi za jongoo, akanitafuta nikaitoe. Tulikwenda wakati wa maji mafu, zile siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, maana siku nyingine mkondo wa pale humbeba mtu kama ganda la nazi. Nilishuka nikifuata kipande cha kamba. Nanga ilikuwa imeingia chini ya mwamba uliojitokeza kama kibaraza cha nyumba. Juu yake ni matumbawe ya kawaida. Chini yake ni jiwe jingine, la kijivu, laini kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa. Nilipokuwa napapasa nipate ncha ya nanga, vidole vyangu viligusa kitu kilichoteleza kama kigae, chenye ukingo wa meno madogo madogo ya msumeno. Nikakitikisa kikatoka.

Mashuani nahodha alikigeuza mara mbili. "Jino la papa hili," akasema.

"Papa gani wa ukubwa huu, mzee?"

"Papa aliyemla babu yako na mtumbwi wake. Nipe nanga yangu."

Kesho yake nililipeleka jino hilo Likoni kwa mama mmoja anayeuza papa mkavu, nikaomba kutazama mataya. Jino kubwa kabisa la papa wake lilikuwa kama ukucha wa kidole gumba. Langu lilijaza kiganja, na lilikuwa jiwe tupu. Nilivyozidi kupima na kulinganisha, yule mama alichoka akaniuliza kama nilikuja kununua au kumtibu papa wake meno. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakawasha. Nikafahamu kwamba hapa tunapojenga vyumba vya kupanga palikuwa chini ya bahari, na bahari hiyo ilikuwa na papa, na papa huangusha meno maisha yake yote, na tope likilipata jino kwa muda wa kutosha hulifanya jiwe. Sijawahi kusoma habari iliyonifurahisha kuliko hiyo. Nilikuwa natembea Mjambere, nilikopanga, nikiangalia ardhi kama mtu anayeangalia paa la nyumba yenye watu ndani.

Nilirudi kwenye kile kibaraza peke yangu, kila maji mafu, kwa kuazima mitungi. Chini yake palikuwa na meno mengine, bado yameshikwa na jiwe, yamejipanga, na kando yake duara za mifupa ya uti wa mgongo kama kete za dama. Hayo sikuyang'oa. Nilinunua daftari la shule, la mistari, nikachora kila jino lilipo, limelala vipi, umbali wake kutoka ukingoni kwa shubiri. Jino la nanga nililiweka kwa mamangu, Bofu. Alilitia ndani ya kabati la vioo, kati ya vikombe vya harusi yake na picha ya kipaimara.

Mitungi ya kuazima ilikuwa ya tajiri. Aliniuliza ninaitumia kwa nini, nami, mjinga wa kufurahi, nikamwambia. Alinikumbatia. Tangu siku hiyo akaniita Profesa. Haukupita mwezi, bango likasimama mbele ya kituo chake lenye mchoro wa taya la papa, na nikawa mfanyakazi wake. Nahodha naye akaajiriwa, mashua na yote. Mimi niliweka sharti moja: wageni wangepelekwa kwenye uwanja wa tope, mbali na kibaraza. Nilimwambia tajiri kwamba kule dari ni ya chini na mtungi unaweza kukwama. Hakubisha, wala hakuuliza hasa ni wapi. Alikuwa na mfuko wake wa meno ya kahawia.

Mara ya kwanza nilipomsikia akiwasimulia wageni, nilikuwa nyuma yake nasuuza suti. "Nilikuwa natafuta nanga," alisema, na akaviinua vidole vyake hewani akavipapasisha, hivi, kama mimi nilivyomwonyesha. Mwamba kama kibaraza, jiwe kama sabuni, kigae chenye msumeno. Hakuacha hata neno moja. Nilimtazama nahodha. Nahodha aliitazama mikoko ya ng'ambo.

Baadaye nilimwuliza tajiri, kwa utani, maana sikuwa na njia nyingine ya kumwuliza. Hakukasirika. "Profesa," alisema, "wewe ukiisimulia, ni porojo za kibarua. Mimi nikiisimulia, ni historia. Wageni wamekuja kwa historia."

Nilipaswa kuondoka siku hiyo. Nimeacha kazi nyingi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini mitungi ilikuwa yake, na kibaraza bila mtungi ni kama kitabu kilicho juu ya dari. Nikabaki, nikapanda, nikageuza uso, maji mafu baada ya maji mafu. Miaka miwili.

Halafu akaja daktari. Si daktari wa hospitali. Mwanamke wa makamo kutoka bara, mwalimu wa chuo kikuu, kazi yake ni viumbe waliogeuka mawe. Mgeni wetu mmoja alikuwa ameionyesha dunia picha ya jino jeusi kwenye simu, mojawapo ya machache ya kweli ambayo tope huyatapika lenyewe, naye akaiona. Alifika kituoni akamwamkia nahodha vizuri, akamsikiliza tajiri historia yake hadi mwisho, kisha akauliza ni nani anayeshuka kwanza. Akaja kwangu. Swali lake la kwanza lilikuwa lile jino la nanga lilikuwa limelala ncha yake ikiangalia wapi. Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu. Nilikwenda Mjambere mbio nikaleta daftari.

Alilisoma lote. Alikaa kwenye benchi la kituo, miwani puani, akageuza ukurasa mmoja mmoja, na kila alipofika kwenye mchoro aliufuata mstari kwa kidole. Nimeona watu wakisali kwa haraka kuliko hiyo. Kisha akanieleza mambo mawili. La kwanza, kwamba jino lililotolewa mahali pake halisemi kitu. Meno yaliyo bado jiweni, pamoja na mifupa, ndiyo yanayoweza kueleza papa huyo aliishi lini na alikufaje. La pili, kwamba kama kibaraza kiko nilivyokichora, atakiandika, ataomba kilindwe wageni wasikiguse, na katika maandishi hayo hutajwa aliyekigundua. Ndiyo desturi yao.

"Jina kamili?" niliuliza.

"Kamili, kaka. Kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Aliniuliza pia kama tumewahi kuweka meno chini ya maji. Alikuwa amekwishaona yale ya kahawia na akajua si ya huku. Tajiri alikuwa ndani, lakini hata angekuwa pale ningejibu vilevile. Nikamwambia kule kwenye tope, ndiyo, kila safari. Chini ya kibaraza, kamwe. Saa ile ilikuwa kweli safi, na nakumbuka nilivyojisikia mrefu nikiisema.

Alikuwa na siku mbili tu za maji mafu kabla ya kurudi kufundisha. Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Mvua ilikuwa imenyesha bara na hori ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulipofika kwenye kibaraza, tope jipya lilikuwa limefunika kila kitu, na kadiri tulivyolipepea ndivyo lilivyotuzunguka. Sikuona mkono wake niliokuwa nimeushika. Tulikaa mpaka geji ikakataa. Alipopanda mashuani alitoa miwani ya maji, akatazama mikono yake, mitupu, akasema kwa upole kwamba ndivyo kazi ilivyo, tutajaribu kesho.

Upole ule ndio ulioniponza. Angelalamika kama wageni wengine, labda ningelala. Lakini nilimwona tayari ndani ya basi anarudi, amebeba daftari la mtoro wa darasa la sita na hakuna jingine la kuonyesha. Mchana huohuo nilivuka feri nikaenda Bofu, nikafungua kabati la vioo.

Mamangu aliniuliza ninalipeleka wapi jino lake. Nikamwambia naenda kuliandikisha, na jina langu pamoja nalo. Hakutania safari hii. Alilichukua mkononi mwangu, akalipangusa kwa ncha ya leso kwanza, kisha akalifunga humo humo, mafundo mawili, kama mtu anayemfungia mtoto chakula cha safari.

Alfajiri, kabla daktari hajafika, nilishuka peke yangu. Maji yalikuwa yametulia kidogo. Nililipata tundu la jino la nanga, lile lile, daftari lilikuwa sahihi kwa shubiri, na nikalirudisha jino ndani yake. Liliingia kama ufunguo. Nilijiambia sijapanda, nimerudisha. Mtu akirudisha sufuria jikoni ilikotoka hajamdanganya mtu. Nilijiambia daktari akishaliona hilo moja atapata nguvu ya kutafuta mengine, na mengine ni ya kweli, yapo, hayajaguswa. Yote hayo yalikuwa kweli pia. Ila sheria iliyonishusha kule haikuwa ya daktari, ilikuwa ya tajiri, nami sikuitambua hata sauti yake.

Tulishuka naye saa tatu. Nilimfikisha kibarazani, nikapepea tope. Jino lilianza kuonekana, weusi wake ukishika mwanga wa tochi. Nami nikageuza uso.

Sikuamua kuugeuza. Shingo yangu ilizoea. Nilipotazama tena, tochi yake haikuwa kwenye jino, ilikuwa kwangu. Alinimulika kwa muda, kisha akarudi kwenye jino, akalitazama pande zote, akapiga picha, akalitoa kwa vidole viwili. Hakupiga kelele yoyote ndani ya kipumulio. Aliniashiria tupande.

Mashuani tajiri alikuwa amekuja mwenyewe siku hiyo, na simu yake, apige picha za kihistoria. Daktari alikaa, akaliweka jino kwenye kiganja chake juani. Matone ya maji yalikuwa yamesimama juu yake, mviringo, moja moja, kama juu ya jani la mgomba. Alilitikisa, yakabiringika, hayakulilowesha. Akalileta puani.

"Kaka," alisema, "jino hili linanukia mafuta ya nazi."

Nilifahamu palepale. Miaka miwili nilikuwa naliona liking'aa ndani ya kabati, na nilidhani linang'aa lenyewe. Mamangu alikuwa akilipaka, Jumamosi kwa Jumamosi, kama alivyotupaka sisi kabla ya kanisa.

Nilimwambia yote. La nanga, la kabati, la alfajiri. Tajiri alianza kucheka kabla sijamaliza, kicheko kizuri, cha kusifu. "Profesa," alisema, "hata daktari umempandia!"

Nahodha, ambaye miaka miwili aliitazama mikoko, safari hii alisimama na usukani mkononi. "Wallahi, mama, jino hilo limetoka hapa. Mimi nililishika likiwa bado na tope. Kijana huyu ndiye aliyelitoa."

"Naamini, mzee," daktari alimjibu. "Lakini siwezi kuandika kwamba naamini."

Nilimwomba tushuke tena. Nilimwambia mengine yapo, yameshikwa na jiwe, ayaone kwa macho yake. Alinitazama kwa huruma ambayo ningependa kuisahau. Alisema jiwe lile ni laini kama sabuni, mimi mwenyewe nimeandika hivyo kwenye daftari, na kila jino atakalolikuta sasa ataulizwa limeingiaje. Angehitaji kuja na watu, kukata jiwe kwa uangalifu, wiki mbili au tatu. "Na nani atanipa wiki tatu," alisema, "kwa mahali palipopandwa na mtu aliyenieleza jana tu kwamba hapakuwahi kupandwa?"

 

Kabla ya kuondoka alimwambia tajiri maneno makali kuhusu kuuza vitu vya kale vya nchi, na baadaye ilikuja barua ya kumwonya, ambayo tajiri aliitia chini ya mfuko wa maharagwe yake ya kahawia. Mimi alinirudishia daftari, na jino ndani ya kifuko chenye karatasi ndogo. Kwenye karatasi alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: Mahali, hapajathibitishwa. Aliyegundua, na mbele yake nafasi tupu. Nadhani aliiacha wazi kwa wema. Labda alitaka nijue kwamba inaweza kujazwa siku moja. Mimi niliiona kama kadi ya kliniki ya mtoto aliyekufa.

Kwa kumpeleka daktari nilikuwa nimemwonyesha tajiri njia. Alikuwa ameweka alama ya kibaraza kwenye simu yake wakati anapiga picha zake. Maji mafu yaliyofuata wageni walishuka pale, wawili wawili, wakiwa na patasi. Dari haikumkwamisha mtu. Safu niliyoichora ukurasa wa nane hadi wa kumi na moja ilikwisha kabla ya mvua za vuli, na zile duara kama kete za dama, kwa kuwa hazikufanana na meno, walizivunja ili wayafikie meno yaliyo nyuma. Mimi ndiye niliyewashika mikono. Wakiuliza kama ni salama, niliweka mkono kichwani.

Mamangu aliniuliza kama limeandikwa. Nikamwambia bado, daktari analichunguza, mambo ya vitabu huchukua muda. Siwezi kumwambia habari ya mafuta. Nikimwambia, nitakuwa nimeiweka kazi yangu mbaya juu ya kiganja chake, na kiganja kile hakikufanya lolote ila kupenda kitu kilicholetwa na mwanawe. Kati ya vikombe na picha ya kipaimara ameacha nafasi, na amekitandika kitambaa kipya cha kufuma. Kila nikienda Bofu naiona. Siku hizi siendi sana.

Kwa hiyo jino halikuweza kurudi kabatini, na chumbani kwangu sikutaka kulala nalo. Maji mafu ya mwezi uliopita tulikuwa na mgeni mmoja mwenye umri, mtu wa adabu, aliyekuja peke yake na aliyekuwa hajapata kitu siku nzima. Nilitangulia kushuka kutazama mkondo. Nililichomeka chini ya kibaraza, karibu na tundu lake lakini si ndani yake, nusu limefukiwa. Nilipomleta nilipepea tope, nikageuza uso, nikasubiri. Sauti yake ilikuwa kama ya mbuzi ndani ya pipa.

Mashuani alikaa amelikumbatia kwa mikono miwili. Halikuwa na matone tena. Nilikuwa nimelisugua kwa sabuni na majivu mpaka ukafa kabisa ule mng'aro. Alinipa mkono. Aliuliza mahali pazuri hivi paligunduliwa vipi, na ni nani aliyepagundua.

Nahodha aligeuka akanitazama. Tajiri alikuwa pwani, hasikii. Hapakuwa na mtu wa kunizuia.

"Tajiri wetu," nilimwambia. "Alikuwa anatafuta nanga." Na nikainua vidole vyangu hewani nikavipapasisha, hivi, kama anavyofanya yeye.